Eti antibayotiki hupiga mitokondria zetu? Miguu yangu imegoma baada ya dozi

Dereva_Umoja · Jumanne, saa 2:05 usiku
Hamjambo wadau. Mwezi uliopita maabara moja ya mtaani iliniambia nina taifodi, nikapewa ciprofloxacin 500 mg, asubuhi na jioni, siku kumi. Homa iliisha siku ya tatu na dozi nikaimaliza yote. Shida ilianza wiki ya pili. Mimi naendesha matatu, nina miaka 34. Sasa kila nikikanyaga klachi kwenye foleni ya Jogoo Road, kano ya nyuma ya kisigino cha kushoto inavuta kama kamba iliyolowa ikakaukia juani. Jioni miguu yote imekuwa mizito, na ngazi za daraja la waenda kwa miguu pale Outering nazipanda kwa awamu mbili.
Binamu yangu anasomea bayolojia chuoni. Anasema dawa hiyo imenipiga mitokondria, ile mitambo ya nguvu ndani ya seli, kwa sababu zamani mitokondria zilikuwa bakteria na dawa ya bakteria haitofautishi. Nilimwambia aache hadithi. Lakini mwezi sasa umepita. Kuna ukweli hapo?

Chai_ya_Jioni · saa 2:11
Pole sana ndugu. Mimi nadhani ni taifodi yenyewe. Nilipougua 2016 nilikaa miezi miwili siwezi kubeba ndoo ya maji kutoka ghorofa ya chini. Sikupewa cipro, nilidungwa ceftriaxone. Usilaumu dawa iliyokuponya.

Mwalimu_wa_Sayansi · saa 2:30
Binamu yako hakukudanganya kuhusu asili. Mwaka 1967 Lynn Margulis alichapisha hoja kwamba mitokondria ni wazao wa bakteria waliomezwa na seli nyingine zamani za kale wakabaki humo kama wapangaji. Mwanzoni wengi hawakumkubali, leo ndiyo tunayofundisha. Ushahidi unauona mpaka sasa: mitokondria ina DNA yake yenyewe, ya mviringo kama ya bakteria, herufi 16,569 na jeni 37. Kati ya hizo, 13 ni za kutengeneza protini, na protini zote hizo ni vipuri vya ule mtambo unaotoa nguvu. Tena mitokondria ina ribosomu zake, yaani viwanda vya protini, aina ya 70S (namba ya jinsi zinavyozama zikizungushwa kwa kasi) kama za bakteria.
Sasa dawa kama tetracycline, chloramphenicol na linezolid huua au huzuia bakteria kwa kukwamisha ribosomu zao. Ribosomu zetu za kawaida, zile za nje ya mitokondria, zina umbo tofauti na hazishikiki. Zile za ndani ya mitokondria zinafanana na za adui, kwa hiyo risasi inaweza kumpata mwenye nyumba. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kiasi gani, kwa nani na kwa muda gani.

Mfamasia_Kariobangi · saa 2:44
Mwalimu, sahihisho moja. 70S ni ya bakteria. Ribosomu ya mitokondria ya binadamu ni 55S. Zimeachana kiasi, na hiyo tofauti ndiyo inayotuokoa na dawa nyingi. Chukua erythromycin: kwenye bakteria inashika mahali fulani penye herufi A. Mitokondria yetu mahali hapohapo ina G, kwa hiyo dawa haikai. Herufi moja tu.
Na wewe Dereva, cipro haigusi ribosomu kabisa. Inakwamisha vimeng'enya vinavyokunjua DNA ya bakteria isijisokote. Kwa hiyo maelezo ya Mwalimu ni sahihi kwa doxy (doxycycline, ndugu wa tetracycline), ila kwa dawa yako tutafute njia nyingine.

Mwalimu_wa_Sayansi · saa 2:47
Asante daktari. 55S, nimerekebisha.

Nesi_wa_Zamu · saa 2:52
Kabla hamjaenda mbali na ribosomu: Dereva, hicho kisigino usikifanyie majaribio. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye cipro na ndugu zake mwaka 2008, kwamba zinaweza kuumiza kano hata kuikata, na kano ya kisigino ndiyo inayoongoza. 2013 wakaongeza onyo la neva. 2016 wakasema kwa magonjwa madogo kama mafua ya sinasi au maambukizi ya mkojo yasiyo na matatizo, zisitumike ikiwa kuna dawa nyingine. Maumivu yanaweza kuanza ukiwa bado kwenye dozi au miezi baadaye. Usikimbie, usinyooshe hiyo kano kwa nguvu, wala usimwache mtu aikande. Nenda ionwe.
Swali: wakati huo ulikuwa unatumia prednisolone, ile steroidi ya kutuliza uvimbe?

Dereva_Umoja · saa 3:01
Ndiyo, dada. Nina pumu. Nilipewa vidonge vya prednisolone siku tano, vikaangukia mlemle ndani ya dozi ya cipro. Duka la dawa tofauti, daktari tofauti.

Nesi_wa_Zamu · saa 3:03
Hapo ndipo. Dawa hizo mbili zikikutana hatari ya kano inapanda sana. Hata miaka zaidi ya 60 huipandisha, lakini wewe ni kijana. Mwambie daktari zote mbili, na tarehe.

Mkimbiaji_Karura · saa 3:20
Mimi sikuwa na pumu, sikuwa na prednisolone, na yalinikuta. Nilipewa cipro ya siku tano kwa tumbo la kuhara, siku ya nne nikaenda kukimbia msituni kilomita nane. Kwenye kilomita ya tano karibu na maporomoko nilisikia kisigino kimewaka. Sikurudi kukimbia kwa miezi minne. Kwa hiyo steroidi si lazima.

Chai_ya_Jioni · saa 3:24
Mkimbiaji, uliharisha siku nne ukaenda kukimbia kilomita nane! Mwili hauna maji, hauna chumvi, unaupandisha vilima vya Karura. Hata bila kidonge kano ingelia.

Mkimbiaji_Karura · saa 3:26
Siku ya nne nilikuwa nimepona kabisa. Lakini sawa, hoja yako naisikia.

Mfamasia_Kariobangi · saa 3:49
Kuhusu cipro kuna maelezo matatu nimeyaona yakishindana, na kila moja lina watu wake.
La kwanza ni madini. Cipro hushika magnesiamu, kalsiamu na chuma. Ndiyo maana tunasema usiinywe na maziwa wala dawa ya kiungulia: inashikana na madini tumboni na haiingii mwilini. Wengine wanasema inafanya vivyo hivyo ndani ya kano, seli zinakosa magnesiamu.
La pili ni kwamba inaamsha vimeng'enya vinavyomeng'enya kolajeni, zile nyuzi za kano, kwa hiyo kano inalika polepole.
La tatu ndilo la binamu. Watafiti wa Finland mwaka 2018 walionyesha kwamba cipro inazuia topoisomerasi namba 2 ndani ya mitokondria, kimeng'enya kinachofanya kazi kama kile cha bakteria ambacho cipro hukilenga. DNA ya mitokondria inajisokota, haikunjuliwi, nakala mpya hazitoki vizuri. Lakini kile kiasi walichomwagia seli kwenye sahani kilikuwa juu mno kuliko kinachofika kwenye damu ya mtu aliyemeza 500 mg, ambacho ni kama mikrogramu 2 na kitu kwa mililita.

Jamaa_wa_Gikomba · saa 4:02
Basi antibayotiki zote ni sumu ya mitokondria. Hata Amoxil. Mimi mtoto wangu simpi tena, nampa asali na tangawizi.

Nesi_wa_Zamu · saa 4:05
Buda, hapana. Tafadhali usimnyime mtoto mwenye nimonia amoxicillin kwa sababu ya uzi huu. Nimeona watoto walioletwa wamechelewa, mbavu zinaingia ndani kila wakivuta pumzi, midomo imebadilika rangi. Asali haifanyi kazi hapo.

Mwalimu_wa_Sayansi · saa 4:10
Na hata kwa hoja yenyewe, Amoxil iko kwenye ukoo wa penisilini. Ukoo huo hubomoa ukuta wa nje wa bakteria. Mitokondria ilishaupoteza ukuta huo zamani, hakuna cha kubomoa. Rifampicin nayo, ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa, inalenga kimeng'enya cha bakteria cha kunakili DNA kuwa RNA, yaani ujumbe wa kutengenezea protini. Cha mitokondria si cha asili ya bakteria tena, kinafanana na cha virusi vinavyoshambulia bakteria. Kwa hiyo inapita tu.

Msomaji_wa_Majarida · saa 4:38
Mwalimu nakuheshimu, ila hapo kwenye penisilini kuna jambo. Mwaka 2013 maabara ya James Collins kule Boston ilichapisha utafiti uliotumia ciprofloxacin, ampicillin na kanamycin kwenye seli za binadamu na kwenye panya. Ampicillin ni ndugu wa Amoxil. Zote tatu ziliongeza zile chembe kali za oksijeni zinazotoka mitokondria zikivurugika, na walisema dozi ni za kadiri ya wagonjwa. Tetracycline, ambayo hulemaza bakteria badala ya kuwaua, haikuleta hivyo. Wakapendekeza ama kutumia dawa za kulemaza inapofaa, ama kumpa mtu asetilisisteini ya kuzima hizo chembe.
Halafu 2015 kundi la Lausanne, Uswisi, likasema karibu kinyume: doxycycline, ndugu wa tetracycline, inavuruga utengenezaji wa protini za mitokondria kwenye minyoo, inzi, panya na hata mimea. Walikuwa wanawaonya wanasayansi wenzao, kwa sababu maabara nyingi hutumia doxy kama swichi ya kuwasha na kuzima jeni kwenye majaribio. Fikiria: unapima kitu kimoja, kumbe swichi yenyewe ndiyo inayobadilisha matokeo.
Kwa hiyo ukiuliza ipi ni salama kwa mitokondria, utafiti mmoja unaelekeza kwenye ukoo wa doxy, mwingine unauonya ukoo huohuo.

Mfamasia_Kariobangi · saa 4:46
Zinapima vitu viwili. Wa kwanza ulipima moshi, wa pili ulipima vipuri. Injini inaweza kukosa vipuri bila kutoa moshi.

Dereva_Umoja · saa 4:48
Hiyo nimeielewa kabisa. Gari yangu imewahi kufanya hivyo.

Pwani_Hadi_Bara · saa 4:55
Nikiwa Kilifi nilikunywa doxy kila siku miezi mitatu kuzuia malaria. Sikuona lolote isipokuwa jua kunichoma vibaya.

Msomaji_wa_Majarida · saa 4:59
Na wale minyoo waliopewa doxy kwenye utafiti mwingine wa 2013 waliishi muda mrefu zaidi. Kuvuruga kidogo kulifanya seli ziamshe ulinzi wake. Sisemi mtu ameze, mnyoo ni mnyoo.

Dada_wa_Mathare · Jumatano, saa 12:40 asubuhi
Nimesoma uzi wote usiku, nikaona niandike. Kaka yangu alipata TB sugu, akawekwa kwenye dawa tano, linezolid ikiwa moja. Mwezi wa tatu alianza kusema nyayo zinawaka. Usiku anajaza beseni maji baridi analiweka kando ya kitanda na kulala miguu ikiwa ndani. Mwezi wa nne hazikuwaka tena, na tulifurahi tukidhani anapona. Siku moja namwona anaacha alama za damu sakafuni. Kizibo cha soda kilikuwa kimemwingia kisiginoni tangu nje na hakujua. Hapo ndipo tulielewa kwamba moto haukuisha, ni neva zilizokuwa zimenyamaza.
Kuna aliyetuambia ni isoniazid, dawa nyingine ya TB, tukamnunulia vitamini B6 kwa wiki nyingi. Je, hii ndiyo mitokondria mnayoizungumzia?

Mfamasia_Kariobangi · saa 1:15
Pole sana dada. Ndiyo, hii ndiyo kesi iliyo wazi kuliko zote kwenye uzi huu. Isoniazid huharibu neva kwa kumaliza vitamini B6, na hapo B6 inasaidia. Linezolid inakwenda moja kwa moja kwenye ribosomu ya mitokondria, na B6 haiwezi kuiondoa. Neva za miguu ndizo ndefu kuliko zote na zinakula nguvu nyingi, zinaanza kulia. Neva ya jicho nayo. Uboho pia, damu inashuka. Wengine hupata asidi ya laktiki nyingi kwenye damu, kwa sababu seli ikikosa mitokondria huanza kuchoma sukari bila oksijeni. Dawa hii ilitengenezwa kwa matumizi ya hadi siku 28. Kwa TB sugu inatolewa miezi.
Utafiti wa Nix-TB wa Afrika Kusini ulitoa 1,200 mg kwa siku na wagonjwa 81 kwa kila 100 walipata shida ya neva. Uliofuata, ZeNix, ulishusha hadi 600 mg kwa wiki 26 na shida ikashuka mpaka 24 kwa 100, na wengi bado walipona TB. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza hiyo 600 kwenye tiba ya miezi sita. Kaka yako alikuwa kwenye ngapi?

Dada_wa_Mathare · saa 1:22
600 mwanzoni. Baadaye wakampunguzia 300 kisha wakaitoa. TB imeisha, makohozi safi mara zote. Macho yako sawa. Nyayo zimerudi kidogo, vidole bado. Sijutii dawa. Bila hiyo tungekuwa tumemzika. Ningependa tu mtu angeangalia nyayo zake mapema, kila mwezi, kama walivyokuwa wanaangalia makohozi.

Chai_ya_Jioni · saa 1:30
Nimenyamaza. Mungu ampe nguvu.

Jamaa_wa_Gikomba · saa 1:41
Pole sana dada. Na zile dawa za zamani za ukimwi zilizokuwa zinafanya watu wakonde mashavu na miguu kuwaka? Si hizo pia ni antibayotiki?

Nesi_wa_Zamu · saa 1:50
Hizo ni za virusi, si za bakteria. Unayoisema ni stavudine. Lakini umegusa jambo la kweli: nayo ilipiga mitokondria, kwa mlango mwingine. Ilikwamisha kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria. Tuliwapa watu wengi, na kwa wakati ule iliwaokoa. 2009 Shirika la Afya Duniani likasema iondolewe hatua kwa hatua.

Mama_Wawili · saa 4:12 asubuhi
Samahani naingilia. Kuna mtu amesema kanamycin huko juu. Mama yangu alitibiwa TB miaka ya themanini kwa sindano za streptomycin kila siku. Kabla sindano hazijaisha akawa hasikii. Mpaka leo anaweka kiganja juu ya kifuniko cha sufuria kujua kama maji yamechemka. Mjomba, kaka yake wa tumbo moja, alidungwa hizohizo mwaka uliofuata, naye akawa kiziwi. Nyumbani walisema ni jicho la jirani. Mimi nina mimba ya miezi saba, wa tatu. Je, hii inaweza kuwa ya ukoo?

Msomaji_wa_Majarida · saa 4:25
Inaweza kabisa, mama. 1993 iligunduliwa kwamba familia fulani zina badiliko la herufi moja kwenye DNA ya mitokondria, nafasi ya 1555, A ikawa G. Badiliko hilo linaifanya ribosomu ya mitokondria ifanane zaidi na ya bakteria, hivyo dawa za jamii ya streptomycin, kanamycin, amikacin na gentamicin zinaishika kwa urahisi. Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Mwenye badiliko hilo anaweza kuwa kiziwi hata kwa dozi ndogo.

Mfamasia_Kariobangi · saa 4:33
Ni kweli, ila tusimfungie mama maelezo mengine. Streptomycin huharibu masikio hata ya mtu asiye na badiliko lolote, hasa sindano zikiwa nyingi na figo zikiwa dhaifu. Zaidi huharibu mizani ya kutembea. Miaka ile watu walidungwa kwa miezi. Ndugu wawili waliodungwa dawa ileile kwa muda uleule wanaweza kuwa viziwi kwa dozi tu.

Mama_Wawili · saa 4:36
Mama alidungwa wiki tatu tu.

Mfamasia_Kariobangi · saa 4:37
Wiki tatu. Sawa. Hiyo inavuta upande wa ukoo.

Nesi_wa_Zamu · saa 4:50
Mama, jambo la kufanya liko wazi hata bila kipimo. Mtoto mchanga akishukiwa kuwa na maambukizi, sindano za kwanza hapa kwetu huwa penisilini pamoja na gentamicin. Ni tiba nzuri na imeokoa maelfu. Wewe waambie mapema kuhusu mama na mjomba, ili wakihitaji kumtibu wachague nyingine mahali pa gentamicin. Zipo. Uingereza wana kipimo kinachosoma herufi hiyo kwa dakika 26 kando ya kitanda cha mtoto. Lakini maneno ya ukoo ukiyasema kliniki yana uzito wake. Usikatae tiba, sema historia.

Mwalimu_wa_Sayansi · saa 5:05
Na yale mafuta ya tetracycline wanayopaka macho ya mtoto akizaliwa yasikutishe. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno.

Dereva_Umoja · Ijumaa, saa 3:18 asubuhi
Nimerudi. Daktari amebonyeza kisigino, akapiga picha ya mawimbi ya sauti. Kano haijakatika, imevimba. Nikamuuliza ni mitokondria, ni magnesiamu au ni prednisolone. Akasema kwa mguu wangu jibu ni lilelile: wiki sita bila klachi. Pia aliuliza kama taifodi ilithibitishwa kwa kuotesha damu maabara kuona kama bakteria wanakua. Nikamwambia ilikuwa Widal, kile kipimo cha tone la damu na dakika chache. Akatikisa kichwa, akasema Widal inaweza kusoma hata taifodi ya miaka iliyopita. Kwa hiyo huenda dawa yenyewe sikuihitaji. Hilo limeniuma kuliko kano.

Chai_ya_Jioni · saa 3:25
Na ile ya kwangu ya 2016 pia ilikuwa Widal.

Mkimbiaji_Karura · saa 3:31
Anza kwa kutembea tu, kaka. Ukifika wiki ya nane njoo Karura, tutazunguka polepole.

Mama_Wawili · saa 8:02 mchana
Nimetoka kliniki. Nesi alinisikiliza, akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya kitabu changu: *Ukoo wa mama: uziwi baada ya streptomycin. Uliza kabla ya gentamicin.* Nimekipiga picha nikabaki nayo kwenye simu. Swali la mwisho: mjomba ana watoto sita. Niwaambie wote waandikiwe hivi?

Mwalimu_wa_Sayansi · saa 8:09
Kama ni lile badiliko, watoto wa mjomba hawakulipata kwake. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, mbegu ya baba haipitishi zake. Wa kuangaliwa ni wewe, ndugu zako wa tumbo moja, watoto wa dada zako, na watoto wa mama wakubwa na wadogo kama wapo.

Mama_Wawili · saa 8:11
Mama mdogo yuko Busia, ana mabinti wanne. Wawili wana wachanga. Nawapigia sasa hivi.